Wizi uliogundulika asubuhi: je, taarifa ya mtandaoni inatosha, au ni lazima kufika kituoni?

MkulimaWaIlembo (Mbeya) aliuliza:

Ndugu zangu, poleni na baridi. Mimi ni mwalimu, ninaishi Uyole, lakini nina shamba dogo la viazi huko Umalila, upande wa Ilembo, ambalo namwachia kijana mmoja alitunze na mimi hupanda kulitazama kila mwisho wa wiki. Alhamisi iliyopita usiku, saa zile ambazo Umalila kila mtu amejifunika blanketi mbili na hata mbwa wanaona uvivu kubweka, wezi walifungua paneli mbili za sola juu ya paa la banda, wakakata kufuli, wakaingia ndani na kuondoka na pampu ya maji. Kijana aligundua saa kumi na mbili asubuhi. Hakuna aliyeumizwa wala kutishiwa, na mpaka tunajua kwamba tumeibiwa, wezi walikuwa wamekwishafika waendako.

Katika wiki hiyohiyo mke wangu alidondosha pochi kwenye daladala ya kwenda Mbalizi, na ndani yake kulikuwa na kitambulisho cha Taifa, kadi ya benki na leseni ya udereva.

Mpwa wangu, anayesoma hapa mjini, ananiambia kwamba nisijisumbue kwenda kituoni kwa lolote kati ya hayo mawili, kwa sababu siku hizi Jeshi la Polisi lina mfumo wa mtandaoni ambao mtu anajaza taarifa, analipa shilingi mia tano, anachapisha karatasi yenye nembo ya Polisi, na shughuli imekwisha. Kwa mke wangu nimeelewa. Kwa pampu na paneli moyo wangu unasita, ila sijui hasa unasitia nini. Kutoka Uyole hadi kituo kinachohusika na eneo la shamba ni safari ya kumaliza siku, na darasani nina watoto wa mtihani. Naomba mwenye ujuzi anieleze: je, wizi ambao si wa dharura unaweza kuripotiwa mtandaoni kwa mfumo huo, na karatasi ile ina uzito gani?

---

KijanaWaKabwe alijibu:

Shikamoo mwalimu, na pole sana. Mpwa wako hajakosea. Mfumo upo kwenye tovuti ya Polisi, unaitwa LORMIS, na unafunguka hata kwenye simu ya kawaida yenye intaneti. Unaweka namba yako ya kitambulisho cha Taifa (NIDA), unajaza taarifa zako, unaorodhesha vitu na mahali vilikopotelea, unapewa kontroo namba, yaani namba ya malipo ya serikali, unalipa kwa simu, halafu unapakua karatasi. Mimi niliutumia nilipopoteza leseni, nikalipa shilingi 500, na sikufika hata dakika ishirini. Waliponipa leseni mpya hawakuniuliza swali jingine lolote.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, jaza vyote kwa mkupuo mmoja: pochi, paneli na pampu. Polisi wakiona kwenye mfumo watajua la kufanya.

---

AskariMstaafu_Ipogolo alijibu:

Kamwene, mwalimu. Nimetumikia kaunta za vituo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi nyumbani Iringa kufuga nguruwe, kwa hiyo nitasema ninachokijua, na kijana wa Kabwe atanisamehe nikimpinga katika nusu ya pili ya ushauri wake. Ya kwanza ni sahihi kabisa.

Karatasi ile ya mtandaoni ni taarifa ya upotevu. Naomba neno hilo lisomwe polepole: upotevu. Inathibitisha kwamba wewe, fulani bin fulani, umeliarifu Jeshi la Polisi kwamba kitu chako kimepotea, ili benki, mamlaka ya leseni, ofisi ya NIDA au Baraza la Mitihani waweze kukuhudumia. Kazi yake inaishia hapo. Haimwiti mpelelezi, haifungui jalada, na hakuna askari anayeamka asubuhi akaisoma na kusema twende Umalila. Pochi iliyodondoka kwenye daladala haina mtuhumiwa, kwa hiyo karatasi hiyo inaitosha. Mke wako asiende kituoni, akae nyumbani anywe chai.

Pampu na paneli havikupotea. Viliibiwa, na zaidi ya kuibiwa, kufuli la banda lilikatwa. Katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuvunja jengo na kuiba ndani yake ni jambo zito kuliko kuokota kitu kilichoachwa barazani, na mlalamikaji ndiye anayepaswa kulieleza hilo kwa kinywa chake tangu siku ya kwanza. Fomu ya upotevu haina mahali pa kuandika kwamba kufuli lilikatwa, kwamba kuna alama za matairi, wala kwamba jirani alisikia pikipiki saa nane usiku.

Kituoni mambo huenda hivi. Unafika kaunta, unaeleza, askari wa zamu anaandika kwenye kitabu cha taarifa, nawe unapewa namba ya taarifa ambayo sote tunaiita RB. Namba hiyo hubeba kifupisho cha kituo, namba ya taarifa na mwaka. Wengi wakishaipata hufurahi, hukunja kikaratasi, hukitia mfukoni na kuondoka, na hapo ndipo kesi nyingi hufia. RB ni ushahidi kwamba umefika mlangoni, wala bado hujakaribishwa ndani. Baada ya RB unapaswa kuandika maelezo ya mlalamikaji, kisha jalada la uchunguzi lifunguliwe lenye namba yake, inayoitwa IR, na mpelelezi apangiwe. Ukitoka na RB peke yake, muulize askari kwa heshima: "Afande, jalada langu lina namba gani, na mpelelezi wangu ni nani?" Swali hilo halimkasirishi askari anayejua kazi yake.

Tena, maelezo yako yakishaandikwa, sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai inataka usomewe au uonyeshwe kilichoandikwa, na una haki ya kurekebisha au kuongeza kabla ya kusaini. Mwalimu, wewe unasahihisha daftari za watoto kila siku. Sahihisha na hili.

---

MkulimaWaIlembo aliandika:

Nashukuru sana, mzee wangu, shikamoo. Sasa nimeelewa moyo wangu ulikuwa unasitia nini. Nina maswali mengine mawili. La kwanza, mpwa wangu bado anashikilia kwamba nikijaza "upotevu" nitakuwa angalau nimeweka kumbukumbu, na kituoni naweza kwenda baadaye nikipata nafasi. Je, kuna ubaya gani? La pili, hakuna namna yoyote ya kupunguza safari, yaani baadhi ya kazi ikafanyika kwa simu kabla sijafika?

---

AskariMstaafu_Ipogolo alijibu:

Marahaba. Ubaya upo, na ni wa aina mbili.

Kwanza, ukiujulisha mfumo wa Polisi kwamba kitu kimepotea huku unajua kimeibiwa, umeandika jambo usiloliamini kwenye kumbukumbu ya serikali. Kutoa taarifa unayojua si ya kweli kwa mtumishi wa umma ni kosa lenyewe. Sisemi kwamba utafungwa kwa ajili ya pampu yako mwenyewe, lakini si tabia ya mwalimu. Pili, na hili ndilo litakalokuuma, siku pampu itakapokamatwa kwa mtu, wakili wake atainua karatasi yako mbele ya hakimu na kukuuliza: "Shahidi, siku ile ulisema imepotea, leo unasema imeibwa. Tuamini lipi?" Jibu zuri la swali hilo mimi sijapata kulisikia.

Kuhusu safari, yapo unayoweza kuyafanya ukiwa Uyole. Mpigie mwenyekiti wa kitongoji afike kwenye banda, ashuhudie kufuli na waya, kisha mtendaji wa kijiji aandike barua fupi. Mpigie pia askari anayesimamia kata hiyo, ambaye siku hizi huitwa mkaguzi kata. Namba yake mara nyingi imebandikwa kwenye ofisi ya mtendaji. Huyo ndiye jibu lililo karibu zaidi na unalolitafuta mtandaoni, kwa sababu aliwekwa hapo hasa kwa mambo yasiyo ya dharura: wizi wa mifugo, mazao kung'olewa usiku, ugomvi wa mipaka kabla haujafikia mapanga. Mweleze kwa simu, mtumie picha, naye atakuambia ufike lini na ulete nini, ili siku yako moja ya ruhusa isiishie kwenye benchi. Lakini maelezo utayatoa mwenyewe, uso kwa uso, na utasaini.

Kijana wako asifagie banda. Najua ameshafagia, maana wote hufagia, lakini nasema.

Na kwa wengine wanaosoma: mwizi akiwa bado yumo ndani, au mtu ameumizwa, hapo hakuna habari ya tovuti wala mkaguzi kata. Ni 112, na majirani.

---

MamaDuka_Mafinga alijibu:

Mwalimu, pole. Mimi nina duka la simu na vifaa vya umeme hapa Mafinga, nimeibiwa mara tatu, na ninakubaliana na mzee wa Ipogolo kwa maneno mengi lakini si yote, kwa sababu yeye alikaa upande wa ndani wa kaunta na sisi tunakaa upande wa nje.

Mara ya kwanza nilifika kituo kimoja, ambacho sikitaji, nikaandikisha vizuri, nikapewa RB, kisha nikaambiwa kwamba gari halina mafuta na kwamba kama nina haraka nichangie. Nilichangia. Wiki iliyofuata nikaambiwa mpelelezi yuko safarini. Nilichoka nikaacha. Watu wanaokimbilia kwenye simu si wavivu, baba. Wanakimbia benchi, na wanakimbia hayo mafuta. Taarifa kituoni haina ada, RB haina ada, dhamana haina ada, na imebandikwa ukutani hivyohivyo, lakini mtu aliyekwisha kudaiwa mara moja haoni tena kilichobandikwa. Nilijifunza baadaye kwamba TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wana namba 113 isiyotozwa, na mara ya pili nilipoombwa "chochote" niliitaja tu hiyo namba kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza saa. Mazungumzo yalibadilika.

Mara ya tatu ndipo nilipofanikiwa, na sababu ilikuwa daftari. Kila kifaa kinachoingia dukani naandika aina, namba iliyopigwa kiwandani kwenye kibati chake, na tarehe, na kwa simu naandika IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe, ambayo mtu yeyote huiona kwa kubonyeza *#06#. Spika mbili zilizoibwa kwangu zilionekana Makambako, zikiuzwa na mtu aliyekuwa na risiti ya kuandikwa kwa mkono. Askari alifungua daftari langu, akageuza spika, akasoma kibati. Maneno hayakuwa mengi baada ya hapo.

Kwa simu za mkononi kuna faida moja zaidi. Ukiwa na taarifa ya Polisi na IMEI, mtandao wako wa simu unaweza kuifungia ile simu yenyewe, si laini peke yake. Watu wengi wanajua kurudisha laini tu. Na laini nayo isichelewe, kwa sababu mwizi mwenye laini yako ana pesa zako. Kisha bonyeza *106# uone kama kuna namba usizozijua zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Mama mwenye pochi iliyopotea asisahau hilo, maana kitambulisho chake kiko mikononi mwa asiyemjua.

---

MwanaTukuyu_Ughaibuni alijibu:

Salamu kutoka mbali. Nilizaliwa Tukuyu, na kwa miaka kadhaa nimeishi San Francisco, Marekani, ambako jambo analoliuliza mwalimu lipo na hutumika kila siku, kwa hiyo huenda wenzangu wakapenda kujua linavyokwenda.

Polisi wa jiji hili wana ukurasa ambao mwananchi huandikisha wizi wa kawaida, vitu vilivyopotea, uharibifu wa mali, au kioo cha gari kuvunjwa na begi kuchukuliwa, jambo ambalo hapa ni la kawaida kama mvua ya Tukuyu. Kabla hujaandika neno unaulizwa masharti: je, jambo ni la dharura? Je, limetokea ndani ya mipaka ya jiji? Je, unamjua au unamshuku mtu? Ukimjua mtuhumiwa, mlango wa mtandaoni unafungwa na unaelekezwa kuzungumza na askari. Ukipita, unapewa namba ya muda. Askari anaisoma taarifa, na akiikubali inapewa namba ya kudumu na nakala unatumiwa. Kuna onyo wazi kwamba kuandikisha uongo ni kosa.

Uingereza nao wana namba 101 kwa mambo yasiyo ya dharura, tofauti na 999, na vikosi vyao vingi hupokea taarifa hizo kwa tovuti pia.

Hata hivyo nisiwadanganye. Kioo changu kilipovunjwa niliandikisha, nikapata nakala, nikaipeleka kwa kampuni ya bima, nikalipwa. Hakuna askari aliyenipigia, na sikutarajia apige. Watu wengi hapa huandikisha kwa sababu ya bima, na polisi hutumia taarifa hizo kujua mtaa gani na saa gani vioo vinavunjwa. Pampu ya Umalila haina bima.

---

KijanaWaKabwe aliandika:

Nimesoma na nakubali kwamba nilichanganya. Ila naomba nitetee vijana kidogo. Kama huko wanaweza, kwa nini mfumo wetu usiwe na kisanduku kimoja zaidi: "kimepotea" au "kimeibwa"? Anayechagua "kimeibwa" taarifa yake iende moja kwa moja kwa mkuu wa kituo cha eneo husika. NIDA inatutambua, malipo yanafanyika, ramani ya kata ipo. Mama Mafinga amesema wazi kwamba watu wanakimbia benchi.

Halafu kuna wizi ambao tayari hauhitaji benchi kwa hatua ya kwanza. Ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unautuma kwenda 15040, kisha unaandika namba iliyoutuma, na namba hiyo inafanyiwa kazi. Hiyo nayo ni taarifa ya uhalifu usio wa dharura, na imefanyika ukiwa umesimama kwenye kituo cha bajaji.

---

AskariMstaafu_Ipogolo alijibu:

Kijana, kisanduku chako ni kizuri na ningekipigia kura. Lakini ukisoma vizuri alichoandika ndugu wa Tukuyu, hata kule mlango unafungwa pale penye mtuhumiwa anayefahamika. Katika vijiji vyetu, ambako watu wanajuana mpaka nyayo, wizi usio na anayeshukiwa ni mchache sana. Mlalamikaji husema "sijui" kwenye fomu, kisha jioni anataja jina kilabuni.

Hilo la kutaja majina nataka nilisisitize. Usiandike jina la unayemshuku kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, wala usirushe picha yake. Nimeona mwili wa mtu ambaye picha yake ilirushwa hivyo, na mali iliyoibwa ikaja kupatikana kwa mtu mwingine. Jina linaandikwa mahali pamoja tu, kwenye maelezo yako, mbele ya askari.

---

KaraniWaWakili_Sisimba alijibu:

Habari zenu. Nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili hapa Mbeya, na kazi yangu kubwa ni kusoma mienendo ya kesi. Naomba niongeze upande wa mahakamani, kwa kuwa mwalimu aliuliza kuhusu uzito wa karatasi.

Mtu akikutwa na mali ya wizi muda mfupi baada ya kuibwa, mahakama inaweza kumhesabu kuwa ndiye mwizi au mpokeaji, isipokuwa atoe maelezo ya kuridhisha. Lakini Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi masharti yake: mali ikutwe kwa mshtakiwa, ithibitike bila shaka kuwa ni ya mlalamikaji, iwe imeibwa siku za karibuni, na iwe ndiyo hiyo iliyotajwa kwenye hati ya mashtaka. Kesi nyingi nilizozisoma huangukia kwenye sharti la pili. Mlalamikaji anasema "hii ni pampu yangu, naijua", mshtakiwa anasema "hata mimi nina ya rangi hiyohiyo", na ni kweli, kwa sababu pampu za bluu zimejaa Mwanjelwa.

Kinachookoa ni alama ulizozitaja kabla mali haijapatikana. Ukisema baada ya kuiona kwamba ina mkwaruzo upande wa kushoto, umesoma tu kilicho mbele yako. Ukiwa ulikwisha kuusema mkwaruzo huo kwenye maelezo yako ya siku ya kwanza, wakati hakuna aliyejua pampu iko wapi, hapo una ushahidi. Ni vivyo hivyo kwa mtu: shahidi aliyemtambua mwizi na kumtaja mapema iwezekanavyo huaminika zaidi kuliko anayemtaja baada ya wiki mbili. Ndiyo sababu taarifa ya kwanza ina thamani kuliko nyaraka zote zitakazofuata, na ndiyo sababu fomu ya upotevu yenye maneno mawili, "pampu moja", haina msaada.

Mwalimu, tafuta risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kama imefifia, kama zinavyofifia zote, muuzaji anaweza kukusaidia kwa kumbukumbu zake. Kama una picha ya kibati kwenye simu, usiifute na usiihamishe ukabaki na nakala tu, kwa sababu picha ya kielektroniki inapokelewa mahakamani, lakini utaulizwa ilipigwa na simu gani na ilitunzwaje. Na katika alama zako zote, mweleze mpelelezi kila kitu, lakini usizitangaze hadharani. Ibaki angalau moja ambayo ni mmiliki pekee angeweza kuijua.

---

MkulimaWaIlembo aliandika (siku sita baadaye):

Ndugu zangu, nimerudi kutoa mrejesho, maana si vizuri mtu kunywesha punda kisimani kwa watu akaondoka bila kuaga.

La pochi tulilimaliza jioni ileile tukiwa sebuleni. Mke wangu alijaza mwenyewe, tukalipa, tukachapisha stesheneri ya hapa Uyole, na asubuhi benki walimpokea bila maneno. Tulibonyeza *106# na hakuna namba ngeni.

La shamba lilichukua siku nzima kama nilivyohofia, ila haikuwa siku ya kukaa bure. Mkaguzi kata nilimpigia usiku wa kuamkia safari, nikamtumia picha za kufuli na za waya, na nilipofika alikuwa amekwishapita kwenye banda pamoja na mwenyekiti. Kijana alikuwa amefagia, mzee wangu, kama ulivyotabiri, lakini kufuli lililokatwa alilitupa kwenye mfuko wa mbolea na likapatikana. Kaunta nilitoa maelezo, nikaomba kuyasoma, na nikarekebisha sehemu mbili: walikuwa wameandika kwamba "mali ilichukuliwa nje ya banda", jambo ambalo lingelifuta lile kufuli zima, na walikuwa wameacha kabisa habari ya pikipiki aliyoisikia jirani. Askari hakukasirika. Alisema tu, "Mwalimu, wewe msumbufu," tukacheka. Nimetoka na RB na namba ya jalada, na namba ya simu ya mpelelezi nimeiandika nyuma ya kitambulisho cha kazi.

Risiti imefifia kabisa. Muuzaji amesema nimpe muda atafute kwenye mashine yake. Pampu na paneli bado.

---

FundiPampu_Mwanjelwa alijibu:

Pole mwalimu. Mimi ni fundi wa mota na pampu hapa Mwanjelwa, na vitu vya namna hiyo huletwa kwetu kubadilishwa soketi au kupakwa rangi kabla ya kuuzwa. Sipendi kazi hiyo na huwa naikataa. Hebu niandikie hapa aina ya pampu, namba ya kwenye kibati, na alama zake zote, nami nitawaonyesha mafundi wenzangu.

---

MkulimaWaIlembo alijibu:

Ahsante sana, fundi, ndaga fijo. Ni ya umeme wa jua, ya kuzamisha kisimani, na kifuniko chake ni cha chuma. Namba na alama sitaziandika hapa, na naomba usinielewe vibaya. Ikiletwa moja yenye kibati kilichokwanguliwa, usiipake rangi; nitumie ujumbe wa faragha, nikupe namba ya mpelelezi, umpigie wewe mwenyewe.